Kabla ya Kutia Mate Kichupani

Lamu, ambako nasaba ni jambo la kuulizwa barazani, si ajabu kijana akaletewa na jamaa wa ng'ambo kichupa cha plastiki cha kampuni ya kupima nasaba kwa DNA, akakaa kutema mate hadi yafike kwenye alama. Kabla hujakifunga kifuniko, shauriana na nduguzo, kwa kuwa wewe na ndugu wa baba mmoja na mama mmoja huchangia takriban nusu ya jeni, nao hawakutia saini popote.

Usikubali sampuli ihifadhiwe, na katika akaunti yako ya kampuni hiyo kizime kipengele cha kutafuta jamaa. Mwaka 2023 wadukuzi waliingia katika akaunti zipatazo 14,000 za 23andMe, kampuni ya Marekani ya kupima jeni, kwa nywila zilizokwisha kuvuja kwingineko, na kupitia kipengele hicho wakafikia taarifa za watu milioni 6.9 hivi. Nywila yako basi iwe ya huko tu, pamoja na uthibitisho wa hatua mbili.

Aliyekwisha kupima apakue nakala yake, afute akaunti, kisha aombe kwa maandishi mate yaharibiwe. Kwa maabara ya hapa nchini, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 huhesabu data ya jeni kuwa nyeti, na malalamiko hupelekwa kwa Kamishna wa Data.