Kutuliza msongo wa mawazo katikati ya pilikapilika za Dar

Ujumbe wa mdai wa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, ukikukuta umebanwa ndani ya basi la mwendokasi, moyo huenda mbio, mabega hukaza na pumzi hupanda kifuani. Anza na mwili. Kujiambia "tulia" huku unahema juujuu ni kazi bure.

Vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi 4, kisha iachie taratibu ukihesabu hadi 6. Endelea kwa dakika 5. Kutoa hewa ndiko kunakotuliza, maana hapo moyo hupunguza kasi, kwa hiyo usikatishe. Weka mkono tumboni: tumbo ndilo liinuke, mabega yabaki chini. Ukihisi kizunguzungu au vidole vinakufa ganzi, unavuta hewa nyingi mno, punguza kiasi. Mwenye pumu asilazimishe hesabu, 3 kwa 4 inatosha. Wengi hukosea kwa kungoja siku ya balaa ndipo wajaribu. Fanya asubuhi na jioni, ukiwa huna neno, ili mwili uzoee.

Pumzi ikitulia na akili bado imekimbilia kesho, taja kimoyomoyo vitu 5 unavyoviona, 4 unavyovigusa, sauti 3, harufu 2, ladha 1. Dar haina uhaba: konda anaita "Mbagala!", bomba la kushikia lina jasho, mihogo inakaangwa kituoni. Taja kwa undani, rangi na ubaridi wake. Ukikimbiza, akili inabaki kulekule. Wasiwasi ukirudi hujashindwa, kwani kuirudisha akili ndilo zoezi lenyewe. Dereva na bodaboda, macho yabaki barabarani: ninyi sikilizieni tu mikono kwenye usukani.

Jioni, kabla ya kupanda kitandani, tenga dakika 15 na daftari. Piga mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika yanayowezekana wiki hii, kulia yasiyo mikononi mwako. Kila la kushoto lipe hatua moja yenye siku na saa. "Kodi" peke yake itakufanya ukeshe. "Jumanne saa 3 asubuhi nampigia mwenye nyumba, naomba kulipa kwa awamu" inashikika. Ya kulia yasome mara moja, funga daftari. Wasiwasi wa mchana uandike neno moja, usubiri zamu yake jioni.

Kahawa na chai ya rangi ziishie saa 8 mchana. Pombe hulaza haraka, kisha humwamsha mtu usiku wa manane, hivyo si dawa ya usingizi.

Huzuni, kukosa usingizi au kushindwa kazi vikifika wiki 2 mfululizo, nenda hospitali: Amana, Temeke, Mwananyamala au Muhimbili, ueleze kwamba unataka huduma ya afya ya akili. Mawazo ya kujiua hayangoji wiki 2. Mwambie ndugu au jirani akusindikize leo hii hadi kitengo cha dharura, na asikuache peke yako njiani.