Kikundi cha wiki nane kwa wenye sonona: kupima, kuendesha na kufunga

Sonona (unyogovu) nyingi tunazokutana nazo mitaani zina mlango wa kuingilia unaojulikana: msiba, ugomvi wa ndani ya nyumba, maisha yaliyogeuka ghafla, au upweke. Tiba ya mahusiano kwa vikundi imejengwa juu ya milango hiyo minne. Ilijaribiwa Uganda, katika vijiji 30 vya Rakai na Masaka, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2003. Walioongoza vikundi hawakuwa madaktari, bali wenyeji waliopata mafunzo ya wiki mbili, na wanaume walikuwa na vikundi vyao, wanawake vyao. Jaribio lile lilikwenda wiki 16. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani na Chuo Kikuu cha Columbia walitoa mwongozo uliofupishwa wa vikao 8, na huo ndio unaowezekana kwa asasi ndogo au zahanati yenye mhudumu mmoja au wawili wa afya ya jamii.

Maelezo yanayofuata hapa yanamhusu mwezeshaji aliyekwisha pata mafunzo na ambaye yupo mtaalamu wa kumsimamia, walau kwa simu mara moja kwa wiki. Kama hakuna wa kumsimamia, asianze.

Kupima kabla ya kumwalika mtu

Dodoso linalotumika sana ni PHQ-9. Lina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila swali lina alama 0 hadi 3, na jumla ya juu ni 27. Linapatikana kwa Kiswahili na limefanyiwa utafiti Kenya na Tanzania. Tumia tafsiri iliyojaribiwa, usitafsiri mwenyewe usiku wa kuamkia kazi.

Tatizo la kwanza huwa kwenye majibu. "Siku kadhaa" na "zaidi ya nusu ya siku" huchanganywa na watu wengi, na mpimaji mwenye haraka huishia kumchagulia mtu jibu. Chukua punje 14 za maharage, uzipange mezani, useme kila punje ni siku moja. Mwombe atenge siku alizokuwa na tatizo hilo. Punje 0 au 1 ni alama 0. 2 hadi 6 ni alama 1. 7 hadi 11 ni alama 2. 12 hadi 14 ni alama 3. Dakika zinaongezeka kidogo, lakini alama utakazopata zinaaminika.

Tatizo la pili ni swali la umakini, ambalo kwa asili linataja kusoma gazeti au kutazama televisheni. Kwa asiyesoma, uliza kama anapotewa na maneno akisikiliza redio au mawaidha, au kama anakosea kuhesabu chenji. La tatu ni dalili za mwili. Uchovu, kukosa usingizi na kukosa hamu ya kula huletwa pia na upungufu wa damu, malaria, ujauzito, VVU na ugonjwa wa tezi ya shingo. Mtu aliyepata alama 11, na nane kati ya hizo zimetoka kwenye usingizi, uchovu, chakula na mwendo, aanzie kwa tabibu kabla ya kuingizwa kikundini.

Alama zinasomwa hivi: 0–4 hakuna cha kufanya kwa sasa, 5–9 ni dalili nyepesi, mpe maelezo na umpime tena baada ya wiki mbili, 10–14 ni za wastani, 15–19 ni nzito kiasi, 20 na zaidi ni kali. Wa 10 hadi 19 ndio kikundi hasa. Wa 20 na zaidi anaweza kuingia, lakini amwone tabibu kwanza, maana huenda akahitaji dawa pia. Akiandikiwa amitriptilini, ndugu aitunze na apewe ya siku chache chache, kwa sababu dawa hiyo ikimezwa nyingi kwa mkupuo inaua. Na ukumbuke kuwa PHQ-9 ni kichujio tu. Alama 10 haimwambii mtu ana sonona, inakuambia wewe ukae naye saa nzima umsikilize.

Kuna watu wasioingia hata wakiwa na alama zinazofaa. Uliza kama aliwahi kuwa na siku kadhaa mfululizo asilale na asichoke, akitumia fedha ovyo na kuongea bila kituo. Uliza kama anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Uliza kuhusu pombe, kiasi na mara ngapi. Jibu la ndiyo kwenye mawili ya kwanza, au ulevi usiomruhusu kukaa dakika 90, linampeleka kwenye rufaa ya hospitali ya magonjwa ya akili: Mirembe kwa aliye Dodoma, Mathari kwa wa Nairobi, Kidongo Chekundu kwa wa Zanzibar, Butabika kwa wa Kampala, au kliniki ya afya ya akili ya hospitali iliyo karibu naye.

Swali la tisa

Swali hili linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru, na wapimaji wengi hulipitia mbio kwa aibu. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo. Kinachomzuia kujibu kweli mara nyingi ni hofu: Kanuni ya Adhabu ya Tanzania imelifanya jaribio la kujiua kuwa kosa, na Kenya kifungu cha namna hiyo kilitamkwa na Mahakama Kuu kuwa kinakwenda kinyume cha Katiba Januari 2025 tu. Kwa hiyo sema mapema kwamba hupeleki habari polisi. Sema pia mpaka wa siri yako: ukiona maisha yake yako hatarini utamshirikisha ndugu mmoja atakayemchagua yeye, na mhudumu wa afya.

Alama yoyote isiyo sifuri kwenye swali hili inafuatwa na maswali manne, kwa sauti ya kawaida: Umewahi kufikiria utafanyaje? Kitu hicho unacho nyumbani? Umepanga lini? Nani anajua? Mwenye njia na muda haachwi peke yake, hata kwenda chooni. Anasindikizwa hospitali siku hiyo hiyo. Huku nyuma ndugu anaondoa sumu za shamba, kamba na dawa zilizobaki. Sumu za shamba zipewe uzito wa pekee vijijini, kwani mara nyingi mtu hutumia kilichopo mkononi saa ile, na saa ile hupita. Aliye Kenya anaweza kupiga 1199 ya Msalaba Mwekundu bila malipo. Kwa watoto ni 116, Kenya na Tanzania.

Pima pia kazi, siyo huzuni peke yake

Kipimo hiki ndicho kinachosahaulika, na ndicho ndugu wa mgonjwa wanachokijali. Kule Uganda watafiti waliwauliza wanakijiji wenyewe: mwanamke hufanya nini kwa ajili yake, kwa familia yake na kwa jamii? Mwanamume je? Majibu yakawa dodoso. Unaweza kufanya vivyo hivyo mtaani kwako. Waulize watu 20 hadi 30, andika kazi zinazotajwa mara nyingi, chagua tisa au kumi: kuoga, kufua, kupika, kulima au kwenda kwenye biashara, kulea watoto, kuhudhuria msiba, kushiriki kikundi cha kukopeshana. Kila moja ipewe alama ya ugumu, 0 hakuna ugumu hadi 4 haiwezekani kabisa. Fanya orodha mbili, ya wanawake na ya wanaume. Orodha moja ya wote hujaa kazi za jikoni, na wanaume wanaonekana hawana tatizo hata wakiwa hoi.

Kuunda kikundi

Watu 6 hadi 10, jinsia moja, na mwezeshaji wa jinsia hiyo. Wakianza wanne, utoro wa wawili unaua kikao. Wakizidi kumi, wapo watakaomaliza wiki nane bila kusikika. Mtu na wifi yake, au mtu na anayemdai, wasiwekwe pamoja. Uliza hili waziwazi kabla ya kupanga.

Mahali pawe pa faragha. Kivuli cha mwembe kinapendeza kwenye picha za wafadhili, ila kila apitaye anaona nani analia. Darasa baada ya masomo au chumba cha zahanati mchana ni bora. Siku isiwe ya gulio, na msimu usiwe wa kupanda au kuvuna. Jina liwe la kawaida, "kina mama wa Jumanne" linatosha. Kikundi kikishaitwa cha wagonjwa wa akili, wiki ya pili utabaki na viti.

Jambo moja tunalosisitiza ingawa wengi hawakubaliani nalo: usianzishe mchango wa fedha ndani ya wiki hizi nane. Vikoba ni kitu chema, lakini aliyekosa hisa ya wiki huona aibu kuja, na huyo aliyekosa ndiye uliyemwandalia kikundi. Wakitaka kuweka na kukopa, waanze baada ya kikao cha mwisho.

Kabla ya kikao cha kwanza, kaa na kila mtu peke yake kwa saa moja au zaidi. Mweleze kwamba hali aliyonayo ni ugonjwa unaotibika na siyo uvivu wala laana. Kisha tafuteni pamoja: dalili zilianza lini, na nini kilitokea karibu na wakati huo? Orodhesha watu wa karibu naye, nani anamsaidia na nani anamuumiza. Mwisho mkubaliane juu ya mlango mmoja, au miwili kwa shida, kati ya ile minne ya msiba, ugomvi, mabadiliko na upweke, na lengo dogo linaloonekana. "Niwe na furaha" halifai. "Nimweleze shemeji kwamba shamba la marehemu ni la watoto" linafaa.

Dakika 90 za kila wiki

Dakika 15 za mwanzo kila mmoja anaeleza dalili zake za wiki na kilichotokea. Kazi yako ni kufunga fundo kati ya hayo mawili: "Jumatano hukulala. Jumanne ilikuwaje?" Saa moja inayofuata ni ya kazi, kwa watu wawili au watatu wenye jambo la moto, huku wengine wakishiriki. Robo saa ya mwisho kila mtu anataja hatua moja atakayojaribu kabla ya wiki ijayo.

Kazi yenyewe inategemea mlango. Kwenye msiba, mtu asimulie aliyefariki alikuwaje, mema na mabaya yake, na siku ya kifo ilivyokwenda. Sehemu ya mabaya ndiyo iliyozuiwa na mila zetu za kumsifu marehemu, na mara nyingi ndipo penye hatia au hasira iliyoganda. Kwenye ugomvi, kwanza tambua uko hatua gani: bado wanazungumza, wamenuniana, au umefika mwisho. Waliokwama wanahitaji kurudi kuzungumza, hata kama kelele zitaongezeka kwa muda. Uliokwisha unahitaji kuombolezewa kama msiba. Kwenye mabadiliko ya maisha, kama kupata VVU, kustaafu au kuhamia mjini, aeleze kilichopotea kwa ukweli wake kabla ya kuulizwa kipya kina faida gani. Kwenye upweke, kikundi chenyewe ndicho uwanja wa mazoezi.

Zana kubwa ni mbili. Ya kwanza ni kuchambua mazungumzo: alisema nini hasa, ukamjibu nini, ulitaka aelewe nini? Usikubali muhtasari wa aina ya "alinitukana", omba maneno yenyewe. Ya pili ni kuigiza. Mwenye tatizo aanze kwa kuigiza nafasi ya mume au mama mkwe, mwenzake aigize yeye, halafu wabadilishane. Na pale mume ana tabia ya kupiga, usimtume mtu nyumbani akajaribu maneno mapya. Hapo kazi ya kwanza ni usalama wake, dawati la jinsia la polisi, na ndugu wa kumpokea.

Mwezeshaji huharibu hasa kwa ushauri. "Mimi ningekuwa wewe" humaliza mazungumzo, kama inavyofanya "usiwaze sana" na mahubiri. Ushauri ukija, utoke kwa wanakikundi, nao uulizwe: "Wewe ulipofanya hivyo, ikawaje?" Msemaji mmoja akishika kikao, mshukuru kwa jina na umwombe wa kando yake aeleze linalofanana naye. Asiyefika apigiwe simu siku hiyo hiyo jioni. Akikosa mara mbili, mtembelee, lakini bila fulana ya mradi.

Kufunga na kupima tena

Taja tarehe ya mwisho tangu kikao cha kwanza na uikumbushe kikao cha sita. Kikao cha nane kila mtu aseme nini kimebadilika, yeye alifanya nini kukibadilisha, na dalili gani itakuwa ya kwanza kumwambia kwamba hali inarudi. Wengine wataonekana wamezidiwa ghafla wiki ya saba. Mara nyingi ni huzuni ya kuagana. Itaje wazi kikundini badala ya kuongeza vikao.

Anayepima mwishoni asiwe mwezeshaji, kwani watu hawapendi kumvunja moyo aliyekaa nao wiki nane, na alama zitashuka kwa heshima tu. Alama 5 zikipungua kwenye PHQ-9, hayo ni mabadiliko yenye maana. Kubaki chini ya 10 ni bora zaidi. Linganisha na dodoso la kazi. Huzuni ikishuka huku mtu bado haendi shamba, kuna jambo halijaguswa, au kuna ugonjwa wa mwili. Katika ripoti, usidai kila alama iliyopungua kuwa ni kazi ya kikundi, sababu wapo wanaopona wenyewe kadiri siku zinavyopita. Ndiyo maana jaribio la Uganda liliweka vijiji vya kulinganisha.

Pima tena baada ya miezi mitatu. Aliyebaki na alama 10 au zaidi, au aliyepanda tena, asirudishwe kwenye kikundi kile kile bila kuonwa kwanza na tabibu.