Kopo la mchunaji: namna ya kuchagua risasi ya mnyama mkubwa

Mpwa wangu amemaliza chuo cha wanyamapori pale Mweka, sasa kampuni moja ya uwindaji ya Arusha imemchukua ajifunze kazi chini ya mwindaji bingwa. Jumapili alinijia hapa Pasua, na kabla hata chai haijamiminwa akauliza: "Mjomba, ninunue .375 au .458?" Hizo ni aina za bunduki, na namba ni upana wa risasi yake kwa inchi. Niliingia ndani nikatoka na kopo la maziwa ya unga lenye vipande vya risasi nilivyovitoa kwenye wanyama, nikalimwaga juu ya meza.

Niseme mapema, mimi sikuwa mpiga bunduki. Misimu 22 nilikuwa mchunaji: Rungwa, Moyowosi, na huku kwetu Umasaini, Longido hadi Simanjiro. Mgeni hupiga, wafuata nyayo hutafuta, picha zinapigwa, wote wanarudi kwenye gari kunywa maji, mimi nabaki na kisu na mnyama. Risasi iliyofanya kazi na iliyoharibu kazi, zote nilizitoa kwa vidole vyangu, nikaziosha, nikazipeleka kwa sonara mjini anipimie kwenye mizani yake ya dhahabu. Alidhani nina kichaa.

Lugha yetu inatuchanganya kidogo hapa. Risasi ni madini, risasi ni kile kinachoruka, na risasi ni kitu kizima chenye ganda, baruti na fataki. Kwa hiyo hapa nikisema "kichwa" nina maana ya kile kinachoruka peke yake. Na jibu langu kwa mpwa lilikuwa hili: anza na kichwa, bunduki itafuata.

Vichwa viko vya aina mbili. Kuna kichwa laini: nje shaba, ndani madini ya risasi, ncha iko wazi. Kikiingia kwenye nyama kinafunguka kama uyoga na kuchimba tundu pana. Halafu kuna solidi, ambayo haifunguki kabisa. Kazi yake ni kwenda mbali ndani, kupita mfupa bila kukata kona. Uzito wake watu wa fani wanauhesabu kwa greni, na utauona umeandikwa kwenye boksi. Greni 15.4 ni gramu moja.

Sasa tazama kopo. Kipande cha kwanza nilichomwonyesha kijana ni ganda la shaba lililochanika kama ganda la karanga, gramu 3 tu. Kilitoka kwenye bega la pofu. Mgeni alikuwa na .300 Winchester Magnum, bunduki nzuri kabisa, lakini alileta vichwa vya greni 150, yaani gramu 9.7, ambavyo vinatoka mtutuni kwa karibu mita 1,000 kwa sekunde. Alivinunua kwa ajili ya paa wa kwao. Pofu dume anaweza kufika kilo 900. Kichwa chepesi cha kasi namna ile kilikutana na mfupa wa bega na kupasuka palepale. Nilipochuna, nyama ya juu ilikuwa uji wa damu, lakini mbavu nyuma yake hazikuwa na hata mkwaruzo. Tulimfuata kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni, na aliyemmaliza ni mwindaji bingwa. Bunduki ileile ikipewa kichwa cha greni 200 kilichojengwa vizuri, pofu hafiki mbali.

Kujengwa vizuri maana yake nini? Mmarekani mmoja, John Nosler, miaka ya 1940 alimpiga mnyama wa nchi za baridi mwenye pembe pana, mkubwa kama pofu, ambaye alikuwa amekaukiwa na tope mwilini. Vichwa vikapasuka juu juu. Alirudi nyumbani akatengeneza kichwa chenye ukuta wa shaba katikati: nusu ya mbele inafunguka, nusu ya nyuma inabaki nzima na kuendelea kusukuma. Kinaitwa Partition mpaka leo. Mbogo wetu naye hugaagaa kwenye tope likamkaukia mabegani, kwa hiyo somo lile ni letu pia. Kichwa kiitwacho Swift A-Frame kinafuata wazo hilohilo, na kampuni ya Woodleigh ya Australia wao wanaunganisha madini ya ndani na shaba ya nje yasiachane. Kwenye kopo langu hizo ndizo zinazotoka zikiwa na uzito wake.

Kipande cha pili ndicho ninachokipenda. Ni cha .375, kilipokuwa kipya kilikuwa greni 300, gramu 19.4. Kiliingia bega la kushoto la mbogo dume, nikakikuta chini ya ngozi upande wa kulia, kimefunguka kama ua. Sonara akasema: gramu 18.1. Mbogo huyo alikimbia hatua zisizozidi 60.

Cha tatu ni solidi kutoka kwenye fuvu la tembo. Ukiifuta utasema haijawahi kupigwa, ila ina mistari ya mtutu. Fuvu la tembo ndani ni kama sega la nyuki, vyumba vya hewa vimepangana, na kichwa laini kinaishia humo kabla ya kufika ubongo. Kwa tembo ni solidi tu. Kwa simba na chui ni kinyume: mwili si mnene, unataka kichwa laini kinachofunguka upesi. Kwa mbogo, weka laini ya kwanza chemba, solidi zifuate, kwa sababu risasi ya pili mara nyingi unampiga akiwa amekupa mgongo. Lakini usianze na solidi akiwa kundini. Inapita na kumjeruhi wa nyuma ambaye hamkumwona, na huyo ndiye atakayewangoja kichakani.

Turudi kwenye swali la kijana. Kanuni zetu haziruhusu kushuka chini ya .375 kwa mbogo na tembo, kwa hiyo nusu ya mjadala imekwisha. Ile .375 H&H ya mwaka 1912 inarusha gramu 19.4 kwa takriban mita 770 kwa sekunde. .416 Rigby ya 1911 inarusha gramu 25.9 kwa kama mita 730. .458 Winchester ya 1956 inarusha gramu 32.4, lakini polepole, kama mita 640. Kwa swala, kongoni, ngiri na pundamilia, .30-06 yenye greni 180 inatosha na kubaki. Wazee wa huku wataikumbuka pia 9.3x62 ya Otto Bock wa mwaka 1905, bunduki ya walowezi wa Kijerumani. Ni milimita 9.3 dhidi ya 9.5 za .375, na tofauti hiyo ndogo ndiyo imeikosesha mbogo.

Kijana anataka .458 kwa sababu aliiona kwa bosi wake. Mimi nikamkumbusha teke lake, inavyokusukuma begani ukipiga. Mgeni mmoja, mtu mkubwa wa mwili, alikuja na .458 mpya. Nilikuwa nyuma yake alipompiga mbogo kwa hatua 70, nikaona amefumba macho kabla ya mlio. Risasi ilipita kwenye tumbo. Siku mbili za miiba.

Jipime hivi. Simama, usikae mezani, weka bunduki juu ya fimbo tatu zilizofungwa pamoja, hatua 50, shabaha ukubwa wa kisahani cha chai. Piga tano. Kisha mpe mwenzako bunduki akuwekee ganda la mazoezi lisilo na baruti katikati ya zile za kweli bila kukuambia. Kifyatulio kikilia tu "ka" na mtutu ukainama, basi mwili wako unaiogopa hiyo bunduki hata kama mdomo unabisha. Shuka ngazi moja. Mpwa wangu akishindwa hata .375, arudi kwenye .30-06 kwa miezi kadhaa na asione aibu.

Jambo jingine ambalo wengi hulipita: kila kichwa kina mahali pake pa kugonga. Laini na solidi zikitoka mtutu mmoja zinaweza kuachana kwa upana wa kiganja kwenye hatua 100. Tafuta zinazokubaliana kwenye bunduki yako, kisha baki nazo. Na uchague risasi inayopatikana. Ndege hazikubali abiria abebe zaidi ya kilo 5 za risasi, na mizigo hupotea. Nimeona mgeni wa .416 akiazima bunduki kambini, sijawahi kuona wa .375 akikosa mtu wa kumgawia.

Kuhusu nyama, kwa kuwa kijiji kinaila: madini ya risasi yakivunjika husambaa vipande vidogo usivyoviona. Mimi hukata na kutupa nyama yote kuzunguka tundu, zaidi ya upana wa mkono. Vichwa vya shaba tupu, kama vile vya kampuni ya Barnes, haviachi hayo, na havivunjiki ovyo. Ila shaba ni nyepesi kuliko risasi, hivyo kichwa cha uzito uleule kinakuwa kirefu zaidi; kwa .375 chukua greni 250 au 270 badala ya 300.

Ukishapiga, usikimbilie picha ukasahau. Mwombe mchunaji akuite. Mtaanza na tundu la kuingilia, mfuate njia kwa kidole, mbavu kwa mbavu, mkiangalia palipogeuka rangi. Kabla ya kukata upande wa pili, papasa ngozi kwa kiganja. Kikiwa kimebaki ndani, mara nyingi kinasimama hapo, kama kokwa chini ya ngozi. Kitoe, kioshe, kipime, uandike kwenye boksi kilikotoka: mnyama, hatua, mfupa gani, gramu ngapi. Kijana aliondoka na kopo tupu, la kuanzia. La kwangu nimebaki nalo.