Kilomita 200 Kila Mwezi, Miezi 12 Bila Kukatisha

Kuendesha baiskeli kilomita 200 mara moja kunawezekana kwa yeyote aliyejiandaa wiki chache. Ugumu uko kwenye kuzirudia mwezi unaofuata, na ule unaofuata, hadi 12 zitimie. Kinachowaangusha wengi si miguu, ni kalenda: mafua, harusi, mvua isiyokatika, au waya wa gia uliokatika tarehe 29.

Kipimo kizuri cha kufuata ni kile cha waendeshaji wa Audax, yaani safari ndefu za baiskeli zenye kikomo cha muda: angalau km 200 ndani ya saa 13 na dakika 30, mapumziko yote yakihesabiwa. Chama cha Randonneurs USA cha Marekani huliita zoezi hili R-12, na kile cha Audax UK cha Uingereza huliita Randonneur Round the Year. Kote huko miezi lazima ifuatane, ila unaweza kuanza na mwezi wowote. Ukiruka mmoja, hesabu inarudi sifuri.

Kwa hiyo chagua mwezi wa kuanzia kwa akili. Wengi huanza Januari kwa sababu ya mwaka mpya, na hiyo si sababu. Tafuta miezi mibaya zaidi unakoishi, iwe ya baridi, ya mvua au ya joto kali, kisha hesabu nyuma miezi minne. Hapo miezi migumu itakukuta kati ya safari ya 5 na ya 8, mwili ukiwa umezoea. Ikikukuta mwanzoni, hujawa tayari. Ikikukuta mwishoni, kosa moja linakula kazi ya miezi 11.

Kabla ya mwezi wa kwanza, jipe wiki 6 hadi 8 za kupandisha umbali: 60, 80, 110, kisha 140. Anayemaliza 140 bila maumivu anaweza kumaliza 200 kwa mwendo uleule.

Tarehe

Andika tarehe zote 12 siku ya kwanza. Safari iwe wikendi ya kwanza ya mwezi, ya pili iwe akiba, na ya tatu akiba ya akiba. Ya nne usiipangie kabisa. Anayesubiri wiki ya mwisho hujikuta anatoka na homa au kwenye dhoruba, na huko ndiko watu huumia.

Kuna ujanja wa kuendesha tarehe 31 Januari na tena 1 Februari ili kufuta miezi miwili kwa wikendi moja. Unakubalika, lakini una bei yake. Ukifanya hivyo kisha ukaahirisha ya Machi hadi tarehe 31, umekaa siku 58 bila safari ndefu na miguu imesahau.

Katikati ya mwezi, safari 2 au 3 kwa wiki za km 30 hadi 60 zinatosha, na moja ya km 80 hadi 100 siku 10 hivi kabla ya ile ndefu. Wiki ya mwisho kabla ya safari punguza. Ukirudi, siku 3 hadi 5 ziwe za mwendo mwepesi sana.

Njia

Uwe na njia mbili. Ya kwanza ni ya kwenda na kurudi, au duara moja kubwa. Uzuri wake ni kwamba ukifika km 100 huna namna, lazima urudi. Kama upepo umetulia upande mmoja, anza kwa kuukabili ili ukusukume wakati umechoka. Ya pili ni ya dharura: mizunguko minne ya km 50 karibu na nyumbani, ambako unaweza kubadilisha glavu zilizolowa. Tatizo lake linajulikana: kila ukipita mlangoni kwako, kitanda kinakuita. Basi weka nguo kavu na chakula barazani, na usiingie ndani.

Chora njia ya km 204 au 205, si 200 kamili. Vifaa vya GPS hutofautiana, na kumaliza na 199.3 ni uchungu usio wa lazima. Kama unataka safari itambuliwe na chama, soma kanuni zake za ushahidi kabla ya kutoka: wengine hutaka rekodi ya GPS, wengine risiti zenye saa.

Saa

Ukiendesha kwa km 22 kwa saa, magurudumu yatazunguka saa 9 na dakika 5, na utabaki na zaidi ya saa 4 za kusimama. Kwa km 18 kwa saa unabaki na saa 2 na dakika 23 tu. Muda haupotei barabarani, unapotea kwenye vituo: sita vya dakika 20 ni saa 2 nzima. Simama mara chache, ukijua tayari utafanya nini: jaza maji, kula, jisaidie, ondoka.

Km 50 za kwanza ziwe za mwendo ambao unaweza kuongea sentensi nzima bila kuhema, hata mlimani. Ukijisikia una nguvu nyingi km 30, ni dalili ya kupunguza.

Kula na kunywa

Wanga gramu 30 hadi 60 kwa saa, kuanzia dakika 30 hadi 45 za mwanzo, njaa iwepo isiwepo. Ndizi moja ya wastani ina takribani gramu 25, kwa hiyo mbili kwa saa zinatosha, ingawa baada ya saa 5 utamu huchosha na utatamani kitu cha chumvi. Beba vyote viwili. Ukikosa kula mapema, karibu na km 120 miguu hukatika ghafla na kichwa hujaa mawazo ya kuacha. Kula kwanza, subiri dakika 20, ndipo uamue.

Maji nusu lita hadi robo tatu kwa saa, zaidi kwenye joto, pamoja na robo kijiko cha chai cha chumvi kwa lita. Usinywe kupita kiu: maji matupu mengi mno hushusha chumvi mwilini, vidole huvimba, kichwa huuma, kichefuchefu hufuata, na hali hiyo ni hatari. Dawa za maumivu kama ibuprofen ziache nyumbani, kwani ukiwa umepungukiwa maji zinaweza kuumiza figo.

Baiskeli

Mwaka huu ni angalau km 2,400 za safari ndefu peke yake, na ukijumlisha mazoezi utapita 5,000 kirahisi. Vitu huisha katikati ya mwaka, tena kwa siri.

Mnyororo upime kila mwezi. Kutoka pini moja hadi ya 24 baada yake, ukiwa mpya, ni mm 304.8. Ukifika mm 306.3, ubadilishe. Ukichelewa unakula meno ya gia za nyuma, ambazo ni ghali kuliko mnyororo. Pedi za breki za diski zitoe zikibaki chini ya mm 1.

Waya wa gia ya nyuma hukatika nyuzi moja moja ndani ya kibadilishio cha mkononi, mahali usipouona. Gia zikianza kusita kushuka au kupanda, badilisha kabla ya safari, usikaze tu. Ukikatikia njiani, mnyororo hukaa kwenye gia ndogo kabisa, ile nzito. Kaza skrubu ya kikomo yenye alama ya H, iliyo kwenye kifaa cha nyuma kinachohamisha mnyororo, mnyororo utapanda gia moja au mbili, na utafika nyumbani.

Tairi za mm 28 hadi 32 husamehe barabara mbovu. Beba tyubu 2, viraka, vitoa tairi, pampu, kiungo cha mnyororo kinacholingana na idadi ya gia zako, na kipande cha sentimita 5 cha tairi kuukuu cha kuziba mpasuko. Ukipata pancha, pitisha kitambaa ndani ya tairi kabla ya kuweka tyubu mpya, kwani kigae au mwiba ukibaki humo utasimama tena baada ya mita 300.

Taa za nyuma ziwe mbili, na ya mbele ijaribiwe nyumbani mpaka izime ili ujue inadumu saa ngapi. Baridi hupunguza uwezo wa betri.

Maumivu, na lini uache

Goti likiuma mbele, mara nyingi siti iko chini. Likiuma nyuma, iko juu. Sogeza mm 3 hadi 5 tu, na usifanye hivyo asubuhi ya safari. Ganzi mikononi mara nyingi hutokana na siti iliyoinamisha pua chini, ambayo hukutelezesha juu ya usukani. Vidonda vya makalio huzuiliwa kwa kaptula ya baiskeli bila chupi ndani, mafuta ya kupunguza msuguano, na kuoga mara tu unapofika.

Ukiwa na homa au kikohozi cha kifuani, usitoke. Ukiacha njiani km 90 siku ya wikendi ya kwanza, pumzika siku 5 na jaribu tena kwenye tarehe ya akiba. Mwezi bado haujaisha.