Jinsi ya Kuzuru Fukwe za Santorini kwa Gari Binafsi Lenye Dereva, kwa Nusu Siku

Santorini ni kisiwa kidogo cha Ugiriki, chenye eneo la takriban kilomita za mraba 76, na udogo huo huwafanya wageni wengi wadhani kwamba wanaweza kupita katika kila ufukwe kabla ya chakula cha mchana. Ramani haionyeshi ugumu uliopo. Upande wa magharibi ni genge refu linaloutazama mdomo wa volkano uliojaa bahari, na karibu hakuna mahali pa kuogelea penye mchanga. Fukwe zenyewe ziko mashariki na kusini, na mbili kati ya zile zinazojulikana zaidi, Kamari na Perissa, zimetenganishwa na mlima Mesa Vouno, kiasi kwamba aliye Kamari hulazimika kuzunguka ndani ya kisiwa kupitia vijiji vya Pyrgos na Emporio ili afike upande wa pili wa mlima uleule anaouona juu ya kichwa chake. Kwa hiyo, mwenye saa nne au tano tu anapaswa kuchagua upande mmoja wa kisiwa na kubaki huko. Ushauri wangu ni pwani ya kusini, kwa vituo vitatu visivyozidi, na katika kimojawapo akae kwa muda wa kutosha kuogelea, kula na kupumzika.

Sababu ya kuchagua kusini si uzuri peke yake. Katika kipande kifupi cha barabara, kuanzia Akrotiri hadi Perissa, utauona ufukwe mwekundu, kisha kuta nyeupe za jivu la volkano, kisha mchanga mweusi, na rangi zote tatu ni kazi ya volkano hiyohiyo iliyokiumba kisiwa. Isitoshe, mwezi wa Julai na Agosti bahari ya Aegean huvumiwa na upepo mkavu wa kaskazini uitwao meltemi, ambao unaweza kudumu siku kadhaa mfululizo. Upepo huo ukishika kasi, fukwe za kaskazini kama Baxedes na Koloumbos hupigwa na mawimbi, ilhali kusini maji huwa yametulia kwa sababu nchi kavu imeyakinga. Utulivu huo, hata hivyo, una hatari yake, na nitaieleza tutakapofika ufukwe wa Perivolos.

Je, kuna haja ya gari binafsi? Mabasi ya umma ya kisiwa yapo na nauli yake ni nafuu, lakini safari zake zimepangwa kuanzia na kuishia Fira, mji mkuu, na hivyo anayetaka kutoka ufukwe mmoja kwenda mwingine mara nyingi hujikuta akirudi Fira kwanza kubadilisha basi. Teksi ni chache, na wakati wa msimu wa wageni hazipatikani kwa urahisi. Kuendesha mwenyewe kunawezekana, ila wenye leseni kutoka nchi nyingi zilizo nje ya Umoja wa Ulaya hutakiwa kuwa pia na kibali cha kimataifa cha udereva, barabara ni nyembamba, zimejaa pikipiki za magurudumu manne zinazoendeshwa na wageni wasiozizoea, na kiwango cha pombe kinachoruhusiwa kwa dereva ni gramu 0.5 tu kwa lita moja ya damu. Dereva anayekijua kisiwa anakuondolea yote hayo, na faida iliyo kubwa zaidi ni kwamba anabaki karibu: mkiona ufukwe umefurika, mnaingia garini na kuondoka.

Unapoagiza safari, andikiana na kampuni au dereva mapema, na usitosheke na neno kwamba ziara ni ya fukwe. Uliza kama bei ni ya gari zima au ya kila abiria, kama saa za kusubiri zimo ndani ya bei, na kama saa zinaanza kuhesabiwa unapopanda gari au gari linapotoka kwenye maegesho yao. Taja majina ya fukwe unazotaka, na utamke wazi kwamba hutaki kupitishwa kwenye viwanda vya mvinyo wala maduka, iwapo hivyo ndivyo. Wenye watoto wadogo waombe kiti cha mtoto kwa maandishi, kwa kuwa sheria ya Ugiriki inakitaka na si kila gari linakuwa nacho. Jambo jingine linalowashangaza wageni ni kwamba dereva si mwongoza watalii. Kuongoza watu ndani ya maeneo ya kale ni kazi ya waongozaji wenye leseni, hivyo dereva atakueleza mengi mkiwa njiani lakini atakuacha kwenye lango la magofu.

Mahali pa kukutana na dereva pahitaji uangalifu wa pekee. Vichochoro vya Fira na vya kijiji cha Oia ni vya waendao kwa miguu, na hoteli nyingi za kwenye genge hazifikiki kwa gari, kwa hiyo mkubaliane juu ya maegesho fulani au kituo kinachojulikana, na ujipe muda wa kupanda ngazi. Abiria wa meli za kitalii, ambazo hutia nanga katikati ya mdomo wa volkano, hufikishwa kwa boti katika bandari ya zamani chini ya Fira, kisha hupanda kwa magari yanayoning'inia kwenye kamba au kwa ngazi zake 588. Hao wasiweke miadi na dereva kwa kuangalia saa ya meli kufika, bali waongeze muda wa foleni, na wafanye hivyohivyo wakati wa kurudi, kwa sababu jioni kila mtu hutaka kushuka kwa wakati mmoja. Anayekuja kwa feri hushukia Athinios, ambako magari hufika hadi gatini, ingawa barabara ya kupanda kutoka huko ina kona kali na huziba kila feri mbili zinapokaribiana.

Kama unaweza kuchagua saa, ondoka Fira saa tatu asubuhi au kabla yake. Kituo cha kwanza ni ufukwe mwekundu ulio karibu na kijiji cha Akrotiri, na hapa naomba msomaji anisikilize vizuri. Jabali linaloinuka nyuma ya ufukwe huo ni la mawe mepesi ya volkano, yaliyopata wekundu kutokana na chuma kilichoshika kutu ndani yake, na halijashikamana. Mawe yamewahi kuporomoka, na mamlaka zimeweka alama za kuonya na kukataza watu kushuka. Wengi huzipita alama hizo na kutandika taulo chini ya jabali. Usiwafuate. Egesheni karibu na kanisa dogo jeupe la Agios Nikolaos, tembea dakika chache hadi mahali ambapo ufukwe mzima unaonekana, na uridhike na kuutazama, maana uzuri wake hasa ni ule mgongano wa jabali jekundu na maji ya buluu, ambao aliyelala chini yake hauoni. Nusu saa inatosha. Ufukwe mweupe ulio jirani kwa kawaida hufikiwa kwa boti, hivyo katika ziara fupi ya gari uachwe.

Hapohapo Akrotiri kuna magofu ya mji wa zama za shaba uliofunikwa na jivu la mlipuko mkubwa wa volkano zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, na ambao ulianza kufukuliwa mwaka 1967 chini ya mwanaakiolojia Spyridon Marinatos. Yako chini ya paa, kwa hiyo hayategemei hali ya hewa, lakini yanahitaji muda wa kama saa moja. Mwenye saa tano anaweza kuyaingiza, na mwenye saa nne achague kati yake na kuogelea kwa utulivu. Mimi katika ziara ya fukwe ningechagua bahari, na magofu ningeyapa siku yake.

Kutoka hapo dereva atakupeleka Vlychada, mwendo mfupi kuelekea mashariki. Huu ndio ufukwe ambao watu huuruka, na kwa maoni yangu ndio unaostahili zaidi mtu asimame. Nyuma ya mchanga wa kijivu kuna ukuta mrefu wa jivu na mawe mepesi kutoka katika mlipuko uleule ulioufunika mji wa Akrotiri, na upepo pamoja na mvua vimeuchonga kwa karne nyingi hadi umekuwa na mashimo, mikunjo na nguzo. Ukiusogelea utaona vipande vya mawe vya rangi tofauti vimenasa ndani ya jivu, vingine vikubwa kuliko ngumi, kama vilivyoanguka siku ile. Usiuguse wala kuegemea, kwa sababu humomonyoka, na usikae chini yake kabisa. Tembea kutoka kwenye bandari ndogo ya boti za tanga ukiufuata ufukwe; kadiri unavyokwenda mbali ndivyo watu wanavyopungua.

Kituo cha tatu, cha kukaa, ni ukanda wa mchanga mweusi unaoanzia Agios Georgios, ukapita Perivolos na kuishia Perissa chini ya Mesa Vouno. Ni ufukwe mmoja wenye majina matatu, na mwambie dereva akushushe mahali unapopataka hasa. Perivolos ina kumbi za ufukweni zenye muziki na vitanda vilivyopangwa kwa safu, ilhali Perissa ina mikahawa ya kifamilia na nafasi zaidi kwa mwenye taulo lake. Mchanga mweusi hunyonya joto kiasi kwamba mchana haukanyagiki kwa miguu mitupu, hivyo viatu vya kuingilia majini si anasa. Vivae hata unapoingia baharini, kwani mahali pengi ukingo wa maji una mabamba ya mwamba laini, yenye utelezi, ambayo hayaonekani mpaka mguu uyafikie. Ingia polepole, ukipapasa kwa wayo, na ukishayavuka utakuta mchanga tena.

Ile hatari niliyoitaja ni hii: meltemi inapovuma, upepo wa ufukwe wa kusini hutoka nchi kavu kwenda baharini. Maji yanaonekana kama bwawa, lakini mtoto aliyelala juu ya boya la kujazwa hewa anaweza kusukumwa mbali kabla mzazi hajageuka. Siku ya upepo acheni maboya garini, na ogeleeni sambamba na ufukwe badala ya kuelekea kilindini. Namba ya dharura kote Ugiriki ni 112.

Kuhusu vitanda na miavuli, bei hutofautiana sana, safu ya mbele ikiwa ghali zaidi, na baadhi ya mikahawa hukuachia kitanda ikiwa utaagiza chakula. Uliza kabla hujaketi, na uulize pia kama kuna kiwango cha chini cha kuagiza. Ufahamu vilevile kwamba ufukwe wa bahari nchini Ugiriki ni mali ya umma. Sheria iliyopitishwa mwaka 2024 inataka angalau asilimia 50 ya eneo la ufukwe linalokodishwa ibaki wazi bila vitanda, na vitanda visiwekwe ndani ya mita 4 kutoka majini. Anayenyimwa haki hiyo anaweza kutoa taarifa kupitia programu ya simu ya serikali iitwayo MyCoast. Kwa hiyo mwenye taulo lake asione haya kulitandika. Jambo moja sheria hairuhusu ni kuchukua mchanga au kokoto na kuondoka nazo.

Kwa chakula, agiza fava, yaani uji mzito wa punje za njano za jamii ya kunde zinazolimwa kisiwani, pamoja na kachori za nyanya ndogo za huko, na maji ya chupa, kwa kuwa ya bomba hayafai kunywewa. Beba yuro taslimu kiasi, kwa ajili ya maegesho na bahashishi ya dereva, ambayo si lazima lakini hupokewa kwa shukrani.

Familia yenye watoto wadogo sana inaweza kuacha mpango huu wote na kwenda Monolithos, upande wa mashariki karibu na uwanja wa ndege, ambako maji hayana kina kwa hatua nyingi. Iwahi siku isiyo na upepo. Kamari nayo inafaa kwa anayekaa karibu nayo, ila kokoto zake huteremka ghafla majini na milima iliyo nyuma yake huliziba jua kabla ya machweo.

Iwapo saa ulizopata ni za alasiri, geuza njia: anza kwa kuogelea Perissa, pita Vlychada, kisha malizia Akrotiri. Madereva wengi watakushauri ufunge safari kwa kutazama machweo ya Oia, iliyo ncha ya pili ya kisiwa, na katika ziara fupi ushauri huo haufai, kwa sababu barabara ya Oia saa hiyo hujaa na muda wako utaishia kwenye foleni. Mwombe badala yake aendelee dakika chache kupita kijiji cha Akrotiri hadi kwenye mnara wa taa uliojengwa mwaka 1892, ambako jua linaonekana likizama baharini bila kizuizi. Mjulishe wakati wa kuagiza kwamba mtamalizia huko, ili saa ya kurudi ihesabiwe kutoka mnarani na si kutoka Perissa.