Kabla hujatuma hela ya mashine ya kunakshi ya upepo ya mtumba

Kama ndo unaanza kujifunza kunakshi pete, bangili au visu, na umeona mtandaoni mashine ya upepo (ile ambayo upepo unachezesha pistoni inayogonga kipatasi cha kuchonga chuma) iliyotumika inauzwa huko Marekani bei imekaa vizuri, tulia kwanza ujue ni mashine gani hasa, maana watu wanazitaja kama kitu kimoja na hazifanani. Gravermeister, ile ya zamani ya kampuni ya GRS ya Emporia, Kansas, ina mota na pampu humohumo ndani ya boksi, haitaki kompresa, inasukuma na kuvuta upepo kwa zamu mpaka pistoni ya kwenye mpini inacheza. GraverMax na GraverMach za kampuni hiyohiyo kwa kawaida zinataka kompresa pembeni. AirGraver ya Steve Lindsay yenyewe haina hata mota, unaipa upepo na pistoni inajiendesha. Kwahiyo ukichukua GraverMax ukidhani imekamilika huenda bado una kompresa ya kutafuta, na ukichukua Gravermeister jua umenunua pampu ya miaka mingi, na hiyo pampu ndo itakula muda wako.

Mimi naona mashine ni ule mpini wa kushika mkononi, wengine wanaita hendipisi. Boksi ni chanzo cha upepo tu. Muuzaji akikuambia boksi lipo ila mpini na pedeli ya mguu havionekani, achana naye hata akishusha bei nusu, kwasababu mpini ukinunuliwa peke yake ni hela ndefu na sio kila mpini unakubali kila boksi. Na wauzaji wengi hata sio mafundi, wameikuta kwenye vitu vya marehemu, wanachomeka kwenye umeme, mota inanguruma, basi wanaandika "inafanya kazi". Mota kunguruma sio ushahidi wa kitu! Omba video mtu akanyage pedeli taratibu huku ncha ya mpini imegusa kipande cha mbao. Inatakiwa ianze kugonga kwa upole halafu iongezeke kadri mguu unavyoshuka. Ikikaa kimya weee halafu ikalipuka ghafla, pistoni imekwama kwa uchafu au mpira wa kupitisha upepo unavuja sehemu. Hiyo inatengenezeka, ila iwe sababu ya kushusha bei.

Hapo kwenye kukwama ndo wanaoanza wanaharibu. Mtu anaona pistoni nzito, mkono unaenda kwenye WD-40, ile oili ya kupulizia. Mipini mingi ya aina hii imetengenezwa ifanye kazi kavu, na oili hata kidogo tu inaifanya pistoni inate kwenye silinda, halafu vumbi linaganda juu yake. Fungua mpini juu ya taulo (kuna springi ndogo ndani inapenda kuruka na ukiipoteza imekula kwako), toa pistoni, futa pistoni na ndani ya silinda kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, kausha, halafu rudisha pistoni uinamishe silinda. Ikiteleza yenyewe kwa uzito wake, umemaliza. Usiweke msasa, hata ule laini kabisa, maana ile nafasi nyembamba kati ya pistoni na silinda ndo inayozuia upepo usipite, ukiipanua umeua nguvu ya kugonga na hairudi.

Pampu nayo uitazame. Kama ni ile isiyotumia oili, vane zake za kaboni (vile vibao vinavyozunguka ndani na kusukuma upepo) huwa zinaisha zinaacha unga mweusi, sasa ukiitia oili ule unga unageuka tope na vane zinakwama. Pulizia unga nje, badilisha filta, pima vane zimebaki kiasi gani. Mipira iliyokakamaa toa yote, nunua mingine yenye kipenyo kilekile cha ndani, na kwa Gravermeister usijiongezee urefu ili ukae mbali na kelele, mapigo ya upepo yanafifia njiani. Oringi, vile vipete vya mpira vya kuziba upepo, badilisha tu zote, ni hela ndogo.

Umeme sasa. Mashine za Marekani ni volti 115 na hezi 60, huku kwetu ni 230 na hezi 50. Transfoma ya kushusha inatatua volti, hezi inabaki palepale, kwahiyo mota nyingi za zamani zitazunguka pungufu kama moja ya sita na zitapata joto zaidi. Inavumilika, ila chukua transfoma yenye wati mara mbili ya zilizoandikwa kwenye kibati cha mashine, na mota ipumzishe ukiona haishikiki kwa mkono. Ukichukua ya kompresa, na upo Dar, Tanga au Mombasa, adui wako ni maji: hewa ya pwani ina unyevu, ukiibana inatoa maji, na maji yakifika kwenye mpini ni kutu. Weka filta ya maji kabla ya regyuleta (kile kifaa cha kurekebisha presha), na mwaga tenki kila ukimaliza kazi.

Halafu kuna hela ambayo hakuna anayekuambia, ya kunoa. Kipatasi kibutu hakiponi kwa kuongezewa upepo, kitateleza tu na kuchana kazi. Ncha ya V ya nyuzi 120, uso wa mbele nyuzi 45 mpaka 50, kisigino (ule mnoo mdogo wa chini ya ncha) kama 15 mpaka 20, na pembe hizo hazipatikani kwa kukadiria na jicho, unahitaji kishikio cha kunolea na jiwe la almasi. Ongeza vaisi inayozunguka na lenzi ya kuvaa kichwani. Ukijumlisha hivyo vyote unaweza kukuta vimepita bei ya boksi lenyewe, kwahiyo bajeti igawe kabla hujaanza kubishana na muuzaji. Bati za shaba za mazoezi ni bei ya kawaida, pete au bangili ya fedha ya mteja isiguswe kwanza.

Mkikubaliana, mwambie mpini aufungashe peke yake, usitupwe ndani ya boksi moja na mashine, na mpira auchomoe. Mota ni nzito, mzigo ukigeuzwa njiani itaulalia mpini.