Kufundisha masomo yote kwa mada moja darasa la tatu: tulivyofanya na viazi

Juzi nimekaa jioni mbili na mwalimu mwenzangu wa ajira mpya, huku juu njia ya Kitulo, baridi ya mwezi wa saba inakata kweli, tunapanga wiki nzima ya darasa la tatu kwa mada moja inayoingia kwenye masomo yote. Alihangaika kama nilivyohangaika mimi mwaka wangu wa kwanza, ndo maana naandika. Muhtasari na azimio la kazi (mpango wa nini kinafundishwa wiki ipi) unavyo tayari, hayo sielezi.

Hatua ya 1: Chagua kitu cha kushika mkononi

"Mazingira" au "afya" ni pana mno, utazama humo. Chukua kitu ambacho mtoto anakijua kwao. Sisi ni kiazi mviringo, ukiwa Mufindi chukua chai, Tukuyu ndizi, Mbarali mpunga.

Hatua ya 2: Ongea na walimu wenzako

Dakika kumi ofisini zinatosha. Kama darasa zima ni lako peke yako, ruka.

Hatua ya 3: Anza na azimio la kazi, mada ije baadaye

Hapa ndo niliumia, kwa hiyo soma taratibu. Mara ya kwanza nilianza na kiazi chenyewe, nikaorodhesha kila kitu kinachohusu kiazi halafu nikaanza kutafuta somo la kukitia, wiki ikaisha watoto wameimba, wamechora, wamefurahi, na Hisabati haijasogea hata hatua moja. Watoto wa watu wamepoteza wiki.

Sasa hivi nafanya kinyume. Nafungua azimio la kila somo kwenye wiki ileile, naandika kwenye kaunta buku, kurasa mbili zinazotazamana, umahiri mahususi unaotakiwa wiki hiyo, yaani kile mtoto anachotakiwa aweze kufanya, basi, kiazi bado sijakitaja. Nikimaliza ndo nauliza kiazi kinasaidia wapi. Tumia penseli maana utafuta sana. Kompyuta siipendi kwa kazi hii, huwezi kuona wiki yote kwa jicho moja.

Kwetu ilitoka hivi: Hisabati, kutoa kilo na gramu. Kiswahili, umoja na wingi, kiazi changu kimeoza, viazi vyangu vimeoza. Sayansi, vyakula vya wanga. Jiografia na Mazingira, safari ya gunia kutoka shambani, Uyole, Makambako, Morogoro mpaka Dar. English wiki hiyo walikuwa kwenye kusoma saa, kiazi hakiingii, tukaiacha iende peke yake. Usilazimishe. Ukiona unatunga wimbo wa kiazi ili tu somo lisibaki nje, ujue umeshapotea.

Angalizo jingine, Hisabati ina mpangilio wake na mada haiwezi kuuruka. Kama watoto hawajaweza kutoa kwa kuchukua, usilete gramu kwa sababu tu mada inataka, isogeze mada wiki mbili mbele, viazi havikimbii. Jedwali la kuzidisha nalo liache lisimame lenyewe kila asubuhi.

Na hili la makaratasi: andalio la somo libaki moja kwa kila somo, mada ionekane kwenye zana na shughuli za mwanafunzi. Niliwahi kuandika andalio moja la masomo manne, nikaambiwa niyaandike upya yote, nililala saa nane usiku. Na yale maandalio yaliyo tayari yanayozunguka WhatsApp achana nayo, aliyeandika hajui darasa lako liko wapi.

Hatua ya 4: Zana

Kila mtoto alete kiazi kimoja, azima mizani dukani, tafuta sado (lile kopo la kupimia sokoni), kisu kimoja ambacho unakishika mwenyewe, na iodini kidogo ya duka la dawa. Manila usinunue, kata maboksi. Viazi vilivyogeuka kijani weka pembeni, vina sumu, na watoto waambiwe kwa nini.

Hatua ya 5: Siku ya mizani

Tulijaza sado ikasawazishwa mdomoni, ikatoa kilo 2 na gramu 800. Tukaijaza tena kwa kilemba, viazi vimerundikwa juu ya mdomo kama ya sokoni, kilo 3 na gramu 600. Tofauti ni ngapi? Wengi walipokwama kwenye 600 kutoa 800 wakachukua moja kwenye kilo wakaifanya kumi, maana ndo walivyozoea, wakaandika majibu ya ajabu. Nikamwita mmoja aweke jiwe la kilo moja upande mmoja, upande wa pili aweke ya gramu 500 mbili, mizani ikakaa sawa. Kilo uliyochukua ni gramu elfu moja. Darasa likanyamaza, nikaona sura zimefunguka, jibu gramu 800.

Binti mmoja ambaye mama yake anauza viazi akauliza, "Mwalimu, kwa hiyo mama akiweka kilemba na bei ni ileile, hizo gramu mia nane anatoa bure?" Hapo tukaingia kwenye lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita mdomo wake, kwamba sheria imekataza na Wakala wa Vipimo ndo wasimamizi. Sikuwa nimepanga, nikaacha kipindi kiendelee.

Hatua ya 6: Wanga

Kata kiazi, dondoshea iodini, inageuka bluu iliyoiva karibu nyeusi. Fanya na kitunguu pia waone kinabaki rangi ya iodini. Vipande hivyo vitupwe, asile mtu.

Hatua ya 7: Zoezi la Ijumaa

Kila somo na maswali yake, usichanganye, na swali la Hisabati lisiwe la viazi, weka sukari au mchele uone kama wameelewa gramu au wamekariri sado. Kwetu karibu nusu walikwama kwenye sukari. Jumatatu tukaazima tena ile mizani, safari hii kwa mahindi.